Mpini wa Mwalimu Kornel

Tabora, 1 Machi 1959

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Tobias,

Shikamoo Baba. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo, ila mafua kidogo; Masista wanasema ni vumbi la chaki. Michembe ya viazi vikavu uliyompa Bundala aniletee ilifika. Niliwakaribisha walimu wenzangu waonje, wakaonja mpaka mfuko ukakunjwa.

Baba, nina neno kubwa. Afisa Elimu wa Jimbo aliniita ofisini kwake akaniambia nimechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea ualimu wa muziki. Vyuo ni viwili, na kwa kuwa jina langu ni la kwanza, nimeruhusiwa kuchagua.

Kimoja kiko Kampala. Masomo ni ya miaka miwili. Wanafundisha kuimba, kuongoza kwaya, kuandika nyimbo kwa do re mi, na kukusanya nyimbo za makabila yetu. Likizo ningeweza kuja nyumbani kwa meli na gari moshi. Kingine kiko Uingereza, miaka mitatu. Huko mtu anaanza kinanda tangu mwanzo mpaka aweze kumfundisha mwingine, anasoma zile alama za mistari mitano, na kila wiki anapelekwa kwenye shule za watoto kufundisha, mkufunzi wake amekaa nyuma ya darasa anaandika makosa. Anayerudi na hati ya huko anaweza kufundisha walimu, si watoto peke yao.

Sikufichi, moyo wangu uko Uingereza. Kila jioni nakaa kwenye kinanda cha Masista, kile ambacho mguu wake mmoja umeliwa na mchwa, nadonoa kwa vidole viwili kama kuku kwenye mtama. Nataka siku moja nipige kwa vidole vyote. Lakini nakuwaza wewe peke yako hapo Lusu, na miaka mitatu si michache.

Liko jambo jingine ambalo sitaki ulisikie kwa watu. Jina la pili, baada ya langu, ni la Mwalimu Kornel wa misheni yetu. Yeye amepita umri ambao Uingereza wanaupokea. Kwa hiyo nikienda Uingereza, yeye atakwenda Kampala. Nikichukua Kampala, yeye hana pa kwenda.

Jibu linatakiwa kabla Aprili haijaisha. Nishauri, Baba, na unipe baraka.

Ni mimi mwanao,
Flavia


Lusu, 14 Machi 1959

Mwanangu Flavia,

Marahaba mwanangu. Milele amina. Nimeipokea barua yako na nimeisoma mara nyingi, nyingine nikiwa zizini ili watu wasinione uso. Mimi ni mzima. Goti lipo, linanitangazia mvua kabla ya mawingu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Kaburi la mama yako nimelipalilia jana. La kaka yako siwezi kulipalilia. Liko huko Korogwe katikati ya mkonge, na aliyelichimba hatumjui.

Nimefurahi kwa ajili yako, na lile jina la pili nalo nimeliona. Habari zake unazijua, lakini acha niziandike kwa utaratibu wake, maana sijawahi kuziandika popote, na nataka uzione zikiwa zimekaa kwenye karatasi.

Kaka yako Justus alikuwa ningi wa chama chetu cha jembe. Ndiye aliyetunga nyimbo, ndiye aliyesimama mbele ya mstari ngoma ikiwa shingoni, na majembe yote ya Lusu yalipanda na kushuka kwa mkono wake. Alipokuwa mdogo alipiga ungo wa mama yako mpaka ukatoboka. Mama yako akamwuliza, "Sasa mtama wangu nipepetee kwenye kofia ya baba yako?" Naye akaenda kweli akaileta kofia.

Aliimba pia kwaya ya Kornel. Jumapili ile, baada ya Misa, Kornel alimsimamisha mbele ya watu wote akasema kijana anayepiga ngoma za kipagani mashambani hawezi kumwimbia Mungu. Akamvua kanzu ya kwaya palepale. Kaka yako alirudi nyumbani na fulana, akasema hana njaa, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiandikisha manamba. Homa ilimmaliza huko. Mimi nililetewa blanketi na bakuli la bati.

Pasaka iliyofuata nilikuwa nimepiga magoti kanisani, kwaya ikaanzisha wimbo mpya. Niliutambua kabla neno la kwanza halijaisha. Ulikuwa wimbo wa Justus wa kupalilia, ule ambao sauti inapanda na jembe, inangoja kidogo juu hewani, ndipo inashuka. Kornel ameondoa magugu, ameweka ufufuko. Umechapwa kwenye kitabu cha nyimbo, na chini yake limeandikwa jina lake. Tangu siku hiyo kila Jumapili mtu aliyemfukuza mwanangu ananiimbia mwanangu, nami naitikia kwa sababu kila mtu anaitikia. Na ni kwa wimbo huo wakubwa walimwona Kornel kuwa mtu wa muziki. Wimbo wa Justus ndio unaompeleka Kampala.

Mwanangu, unanijua kuwa mimi si mtu wa magomvi. Hata nyoka wa zizini nilimfungulia njia akaenda zake. Lakini hili nalitaka. Nalitaka kama mtu anavyotaka maji. Chukua Kampala wewe. Acha yeye asimame kituoni Tabora aone gari moshi likiondoka bila yeye, kisha arudi hapa awafundishe watoto do re mi mpaka meno yamtoke. Kampala nako kuna vinanda, sidhani kama vinaliwa na mchwa.

Usimwonyeshe mtu barua hii.

Baba yako,
Tobias


Tabora, 28 Machi 1959

Baba mpendwa,

Shikamoo. Heri ya Pasaka ya kesho. Mimi ni mzima, mafua yamekwisha. Nafurahi kwa mapacha wa mbuzi. Usiwauze kabla sijawaona.

Barua yako sikumwonyesha mtu, lakini nilimwuliza Sista Josepha, anayetufundisha kuimba, habari za vyuo tu. Nilimkuta anapanga vitabu vya Alleluya. Akaniambia, "Kampala watakufundisha vizuri zaidi kile unachokiweza. Uingereza watakufundisha usichokiweza. Wewe unataka kuwa mwalimu wa nini?"

Nikamwambia, "Wa muziki, Sista."

"Muziki ni neno kubwa kama ziwa. Unataka kuchota upande upi?"

Akanipa vitabu nipange.

Nimefikiri sana, Baba. Nikienda Kampala nitarudi mapema na nitajua kuongoza kwaya, lakini kwaya naongoza hata sasa. Kinanda pale wanafundisha kidogo, kwa wanaotaka, baada ya masomo. Uingereza nitakaa na baridi na watu nisiowajua, na pengine nitalia, lakini nitarudi na kitu ambacho hapa hakuna mwanamke wetu aliyenacho. Nimejipima na kujipima, na kila mara mzani unalalia upande uleule.

Usidhani nimesahau. Siku ile nilikuwa benchi la tatu. Kanzu ilinasa kwenye sikio la kaka, na Kornel akaivuta hivyohivyo. Nilikiona kile chuma chake cha kupimia sauti kikining'inia mfukoni, na mpaka leo nikisikia chuma kikilia naziba masikio. Namchukia, Baba. Lakini naona ajabu kwamba Kornel ndiye aliyekosa na mimi ndiye nitakayekosa kinanda.

Hata hivyo wewe ni baba yangu, na umebaki peke yako kwa sababu yake. Nasema hivi: kama umebadili neno lako, niandikie. Ukinyamaza, nitajua neno lako ni lilelile, nami nitalifuata.

Mwanao,
Flavia


Lusu, 20 Aprili 1959

Mwanangu Flavia,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi leo ni mzima kuliko nilivyokuwa kwa miaka minne, ingawa sauti imenikauka na goti limevimba kama boga. Nisamehe kwa kuchelewa. Uliandika kwamba Kornel ndiye aliyekosa na wewe ndiye utakayekosa kinanda, nami nikasoma kwamba nalipiza kisasi changu kwa kinanda chako. Nilitaka kwanza nifanye langu mimi mwenyewe. Sasa nimelifanya.

Jana ilikuwa sikukuu ya misheni. Wageni walitoka mpaka Nzega, na Kornel alipanga kwaya yake nje, mbele ya mlango wa kanisa, waimbe ule wimbo. Nilikuwa nimekwenda kwa Mayala na wenzake wa chama wiki nzima, nyumba kwa nyumba. Tulifika na majembe mabegani, tukasimama upande wa pili wa kiwanja. Nilivaa ngoma ya Justus. Kornel aliinua mkono, kwaya ikaanza, nami nikaanza palepale, wimbo uleule, kwa maneno yake ya zamani.

Sheria ya uwanja unaijua. Makundi mawili yakianza kwa pamoja katika uwanja mmoja, hakuna mwamuzi ila miguu ya watu. Wanakokwenda ndiko kwenye ushindi. Babu yako aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo alisema hata barabarani ilikuwa hivyo. Misafara miwili ikikutana mahali pembamba, viongozi walishindana, na aliyeshindwa alipisha njia.

Mwanzo watu walisimama katikati, hawajui waende wapi. Padre alidhani tumekuja kuwasaidia kwaya, akapiga makofi. Kisha nikaingia kwenye ubeti nilioutunga mwenyewe:

Nguo ya marehemu haifichiki,
hata uifue kwa sabuni ya kanisa;
Justus aliishona, Justus wa Lusu,
aliyeivaa atuonyeshe sindano.

Bibi Pelagia, yule muuza karanga, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alibeba ungo wake akavuka kiwanja akisema kwa sauti, "Mwalimu, mbona wimbo wako umekuja na wenyewe?" Watu wakacheka. Mwanamume mmoja akamwambia, "Bibi, rudi, hujamaliza dhambi zako." Akajibu, "Nitazimalizia huku, huku kuna ngoma." Kisha wakavuka wawili, wakavuka kumi, kisha kiwanja kikainama chote upande wetu kama mtama kwenye upepo. Kornel aliendelea kupunga mkono mpaka akabaki na watoto wa darasa la kwanza wanaoogopa fimbo yake. Nilimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Sikupepesa. Nilikuwa na furaha mbaya, mwanangu, na sikutaka iishe.

Jioni nilikuwa nakanda goti kwa maji moto, nikasikia hodi. Alikuwa yeye, peke yake, na mpini wa jembe mkononi.

"Mzee Tobias, mimi nimezaliwa Choma," akasema. "Baba yangu alikuwa mcheza ngoma kabla hajabatizwa. Sheria naijua."

"Kama unaijua, iseme."

"Nimeshindwa. Wimbo ni wa Justus. Jumapili ijayo nitalitaja jina lake mbele ya watu, pale nilipomvulia kanzu."

"Na kitabu?"

"Kitabu kimechapwa, Mzee. Lakini mdomo wangu haujachapwa."

Akanyoosha mpini kwa mikono miwili. Mkono wangu uliupokea kabla kichwa hakijasema. Nimeuchomeka kwenye paa la jikoni, pale unapoingia moshi, kila anayekuja auone.

Sasa sikiliza vizuri. Aliyepokea mpini wa aliyeshindwa hadai tena. Hiyo ndiyo sheria ambayo chama chetu kimeishika tangu enzi za babu. Nikiupokea mpini wa mtu kisha nikamziba njia ya Kampala, nitakuwa nimelipwa mara mbili. Kwa hiyo mwachie Kampala yake, wewe nenda Uingereza ukapige kwa vidole vyote. Usidhani nimempenda. Alipokuwa anatoka nilimtazama kwenye yale mawe ya mlangoni nikatamani ajikwae.

Barua hii nampa Bundala, ataondoka na basi la kwanza mito ikimruhusu.

Baba yako,
Tobias


Tabora, 4 Mei 1959

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ya tarehe ishirini imenifikia juzi. Bundala anasema basi lilikaa njiani kwa sababu daraja lilichukuliwa na maji, na abiria walilala kwenye jumba la shule. Alikuja amepauka, na bahasha ilikuwa imelowa ukingoni. Ningemshukuru kama ingekuwa barua nyingine.

Nilikwisha tia sahihi. Nilingoja mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Uliponyamaza nilisema, neno la baba ni lilelile. Nilikwenda ofisini nikaandika Kampala. Karani akaniuliza, "Una hakika? Wengi wangechagua ile nyingine." Nikamwambia nina hakika. Nilimfikiria kaka na lile sikio lake, na wakati wino unakauka nami niliona ile furaha uliyoiandika. Nilitembea kurudi shuleni kama mtu aliyeshiba.

Siku tatu baadaye mlinzi akaniita getini. Alikuwa Mwalimu Kornel, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka kwa Afisa Elimu.

Nikamwamkia, akaitikia. Akasema, "Flavia, mwanangu, umechagua Kampala."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe huitaki Kampala. Sista wako aliniambia mwaka jana unataka kinanda."

"Ninayotaka hayakuhusu."

"Hayanihusu kweli. Lakini nimekwisha leta mpini kwa baba yako, na Jumapili nimelitaja jina la Justus mbele ya watu wote. Nimesema ni wake. Nimesema mimi ndiye niliyemfukuza. Wazee wa Lusu wamenipa mkono. Sasa nakuja hapa naambiwa nimefungiwa mlango. Hiki ni nini?"

Baba, sikujua anasema habari gani. Nilidhani ananidanganya. Nikamwambia maneno mabaya, nikamwambia aende akafundishe vyura. Akavaa kofia yake akaondoka. Kisha juzi nimesoma barua yako na mpini umo ndani yake.

Nimekimbia ofisini asubuhi hii. Afisa Elimu hakuwa mkali, lakini alisema nafasi ya Uingereza imekwisha pewa mwalimu wa Bukoba, na Kampala imekwisha julishwa jina langu. Nikamwambia basi mimi najitoa, ampe Kampala Mwalimu Kornel. Akasema nikijitoa nafasi inakwenda jimbo lingine, si kwa Kornel, na mimi sitaulizwa tena maisha yangu yote. Akanionea huruma, akanipa chai.

Kwa hiyo nitakwenda Kampala. Sijui kama umeona ilivyo. Ulilipwa uwanjani, ukalipwa tena ofisini. Kornel amelipa mara mbili. Na mimi, ambaye sikuwa na deni na mtu, nimelipa pia.

Flavia


Lusu, 24 Mei 1959

Mwanangu Flavia,

Sijambo. Natumaini hujambo. Barua yako haikuwa na "mwanao" mwishoni. Nimeiona nafasi yake.

Kornel amekuja. Nilikuwa naanika mtama. Aliniamkia shikamoo na mimi nikaitikia, maana adabu ni adabu. Hakukaa.

"Nimekuja kuchukua mpini wangu," akasema.

"Mwalimu, nilimwandikia binti siku ya pili yake tu. Nilimwambia akuachie."

"Barua yako ilifika mimi nimekwisha kosa."

"Barabara ililiwa na maji. Mimi si maji."

Akacheka, lakini si kicheko cha mtu anayefurahi. "Justus naye aliniambia ile si ngoma ya kipagani, ni ngoma ya kulimia. Nilimsikiliza? Sikumsikiliza. Basi na wewe sikusikilizi. Niteremshie mpini."

Mayala alikuwepo, na mkewe Koleta, na wazee wawili wa chama ambao Kornel alikuwa ametangulia kuwaita. Nilipanda kwenye kigoda nikauchomoa. Umeanza kuwa mweusi kwa moshi. Niliufuta kwa shati langu nikampa.

Ndipo akasema mbele yao, "Mzee Tobias, unajua maana yake. Mpini ukirudi kwa mwenyewe, ushindi umefutika, na wimbo tulioushindania unalala. Mimi siuimbi. Wewe huuimbi. Chama chako hakiuimbi."

Nikamwambia, "Huo ni wimbo wa mwanangu."

"Ulikuwa wimbo wa mwanao nilipoleta mpini. Leo ni wimbo wa hakuna mtu."

Nilitaka kumpiga. Niliutafuta mti wa kupigia, na mti pekee uliokuwepo ulikuwa mpini, na mpini alikuwa nao yeye. Wazee wakaitikia kwamba ndivyo sheria ilivyo. Mayala hakunitazama.

Pita nyumbani kabla hujaondoka, mwanangu, hata kwa siku moja. Wale mapacha sijawauza.

Baba yako,
Tobias


Mwanza, 27 Juni 1959

Baba,

Shikamoo. Nimefika Mwanza kwa gari moshi salama, na meli inaondoka kesho. Sikupita nyumbani. Ningekuja, tungekaa jikoni, ungenipa maziwa mgando, nami ningekusamehe kwa sababu ya maziwa. Sitaki kukusamehe kwa sababu ya maziwa.

Sitaandika kwa muda. Usidhani naumwa au nimepotea majini. Nikiwa tayari nitaandika. Nisipoandika, ujue siko tayari.

Flavia


Lusu, 20 Desemba 1959

Mwanangu Flavia,

Heri ya Noeli. Natumaini u mzima, na kwamba chakula cha huko kinakukubali. Watu wanasema ni ndizi asubuhi na ndizi jioni. Mimi ni mzima. Goti ni lilelile. Hii ni barua ya tatu tangu uondoke. Mbili za kwanza sijui kama zilifika, na hii sijui, lakini mtu aliyezoea kuandika hawezi kukaa na karatasi ikiwa safi.

Nakupa habari za hapa, za Kornel pia, kwa maana najua huulizi lakini unataka kujua. Bado anafundisha. Kwaya bado anaiongoza. Tukikutana njiani ananyanyua kofia nami nanyanyua yangu, na kila mmoja anaangalia miguu yake. Nikiulizwa mbele ya Mungu kama naona vibaya kwamba hakwenda Kampala, nitasema sioni vibaya. Sikufichi hilo, hata katika mwezi huu mtakatifu. Nikimwona anafuta ubao dirishani, bado kuna kitu ndani yangu kinachokula na kushiba.

Lakini wimbo ameulaza kweli. Jumapili ya kwanza baada ya kuchukua mpini nilikaa nikingoja. Kwaya ikafika pale ulipokuwa ukiimbwa, Kornel akafungua kitabu ukurasa mwingine. Padre alimwuliza baadaye nje, "Mwalimu, ule wetu uko wapi?" Akajibu, "Padre, umechoka, tumeupumzisha." Na Jumapili iliyofuata vilevile, na sikukuu ya Watakatifu Wote vilevile, na mpaka leo. Miaka yote hiyo nilikaa kwenye lile benchi nikiusikia na kusaga meno. Sikujua kwamba nilikuwa namsikia Justus kila wiki. Nilidhani namsikia Kornel.

Mwezi wa Julai tulipura mtama kwa Mayala. Nilikuwa na fimbo yangu kwenye mstari kama wengine. Watu walipochoka, mkono wangu ukaanza mapigo yale bila kuniuliza, na mdomo ukafuata, maneno mawili tu. Hakuna aliyeitikia. Fimbo zote zilisimama juu. Koleta akasema polepole, "Baba Justus, huo umelala." Nikasema nimesahau. Wakaanza mwingine, nikaitikia.

Sasa mvua zimeanza na majembe yametoka. Ningi mpya ni Modest, yule mwenye jino moja la mbele, ana sauti nzuri lakini anakimbiza watu. Juzi alinifuata shambani akaniomba nimwonyeshe jinsi Justus alivyokuwa akiingoja sauti juu kabla ya kuishusha, mapigo tu, si maneno, ajifunze kutokimbiza. Nikamwambia sikumbuki. Nilirudi nyumbani nikakaa. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akikanyaga tope ili asiteleze anapogeuka. Nakumbuka alivyokuwa akimeza mate kabla ya kuanza. Pale pa kungojea juu ndipo ninapopatafuta, na siku nyingine nafika, siku nyingine sifiki. Mtu akikatazwa kuimba kwa mdomo, na kichwani nako kunaanza kuota majani.

Wewe unajifunza kuandika nyimbo kwenye karatasi. Sikuombi uuandike. Sheria ni sheria, hata kwa aliyevuka ziwa, na tayari nimekuomba jambo moja katika maisha yako na umeona lilivyokuwa. Nilitaka tu ujue kilichobaki na kisichobaki, usije ukarudi siku moja ukakaa kanisani ukangoja kama nilivyongoja mimi.

Kuhusu kinanda cha Uingereza, kila ninaloliandika hapa nalifuta. Ungekuwa umekwisha vuka bahari sasa, ungekuwa unaona ile theluji. Bundala aliniuliza inafananaje, nikasema sijui, binti yangu angeniambia.

Mapacha wa mbuzi wamekua. Jike ana mimba. Sitawauza.

Sikuombi ujibu, wala sikuombi unisamehe kwa sababu ya maziwa au kwa sababu ya kitu kingine. Ukimaliza kazi za mwalimu wako jioni, na vidole vimebaki juu ya kinanda havina la kufanya, unikumbuke.

Baba yako,
Tobias